Mdakaji wa Timu ya Mkiani

Magoti yangu yalikubaliana na daktari kabla yangu mimi, kwa hiyo tangu msimu uliopita sisimami tena nyuma ya kibao. Ninyi mnaobaki kazini, hasa vijana wetu wa Granville na Bankstown, hapa Sydney, mliojifunzia kwangu uamuzi wa besiboli, mmeniomba niandike niliyoyaona. Sitaandika nililipwa nini wala nilifanywaje kuwa mkuu wa waamuzi wa ligi yetu ya wilaya. La kwanza litawakatisha tamaa, na la pili lilitokea kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kupanga ratiba.

Najua karatasi hizi zitasomwa pia na wake na waume zenu, wanaojiuliza mnapotelea wapi kila Jumamosi. Kwa ajili yao nieleze mchezo kwa ufupi. Mrushaji anarusha mpira mdogo, mgumu kama jiwe. Mpigaji anausubiri na gongo, akitaka kuupiga mbali ili apate nafasi ya kukimbia kutoka besi hadi besi, yaani kituo hadi kituo, mpaka arudi nyumbani alipoanzia na kuipatia timu alama, inayoitwa mkimbio. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, mwenye barakoa ya vyuma na kinga za miguu, anayeudaka mpira ambao haukupigwa. Nyuma ya mdakaji, nikiwa nimeinama, nasimama mimi, na kazi yangu ni kusema kama mpira umepita mahali pa haki au la. Kati yangu na mpira ule kuna mtu mmoja tu. Likumbukeni hilo.

Kazi iliyotulisha nyumbani ilikuwa kuendesha forklifti bandarini, Port Botany. Hii ya uamuzi ilinipata kwa mguu. Tulikuwa tumehamia Bankstown karibuni, nami Jumamosi moja nikakatiza uwanjani nikitoka dukani na maziwa, nikaona mzee mmoja wa Kiaustralia anachora mistari ya chokaa ardhini kwa uangalifu wa fundi cherehani. Nikasimama kumtazama. Napenda kazi inayofanywa kwa mstari ulionyooka.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Huo mstari wa kushoto umepinda kidogo."

Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akautazama. "Shika hii kamba," akasema. Huyo ndiye Barry. Nilifika nyumbani maziwa yameshapata joto, na mke wangu, Mama Neema, hakuniuliza kitu kwa sababu alikuwa anangoja nijieleze mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nilirudi bila maziwa.

Barry alikuwa fundi bomba aliyestaafu na mwamuzi ambaye hakuwa na mpango wa kustaafu. Siku ya kwanza alinipa brashi ndogo ya kupangusa kibao, yaani lile bapa jeupe la nyumbani, na somo lake: "Ukiinama kupangusa, wape wachezaji mgongo. Usiwaelekezee watazamaji makalio. Wao ndio wanaoleta soseji." Sheria hiyo haimo kitabuni, lakini sijawahi kumwona mwamuzi mzuri akiivunja.

Kitabu chenyewe nilikisoma nikiwa nimekaa juu ya forklifti wakati wa mapumziko, kamusi mapajani. Wenzangu wa shifti walidhani nasomea uchungaji. Sikuwa nimecheza besiboli hata siku moja, na mpaka leo sijacheza. Hilo lilinisaidia: sikuwa na mazoea ya kuyasahau. Barakoa nilinunua ya mtumba, kinga ya kifua alinipa Barry, na viatu nilitumia vya bandarini, kwa sababu ncha ya chuma ni ncha ya chuma popote inapokwenda.

Somo la pili la Barry nililipata kwa kumtazama. Ligi yetu wakati huo ilikuwa na sheria kwamba mpigaji akiachia gongo ovyo anatolewa nje. Barry aliichukia. Kila mkutano alisimama kuipinga, na kila mkutano ilibaki. Basi siku moja mchezo umebana, mchezaji mmoja mwenye mvi, mtu wa watu, akapiga mpira wa maisha yake. Kwa furaha gongo likamponyoka, likabingirika kwenye nyasi, halikumkaribia mtu. Barry akainua ngumi: nje. Uwanja mzima ukamzomea. Tulipofika kwenye gari nikamuuliza, wewe si ndiye unayeipinga sheria hii?

"Naipinga mkutanini," akasema. "Hapa mimi naitumia."

Nimewafundisha ninyi mambo mengi ya mahali pa kuweka miguu na namna ya kutoa sauti. Kama mtayasahau yote, hilo moja liacheni libaki.

Sasa nifike kwa Désiré, kwa kuwa kila mafunzo mnaniuliza habari zake.

Désiré ni Mrundi aliyekulia katika kambi za Kigoma, na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee pale Granville. Alifika ligini akiwa mtu mzima tayari, ameshapita umri ambao watu huanza mchezo wowote. Alijiunga na timu ambayo haikuwa ikichagua, timu ya mkiani. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya mdakaji, kwa sababu ni kazi ya kuchuchumaa muda wote na kupigwa na mpira. Alipoulizwa kama ataiweza, alijibu kwamba kazini kwake huchuchumaa kuwavisha watu soksi kutwa nzima.

Nilipomsikia akijisemea kwa Kiswahili nyuma ya barakoa nilifurahi, kisha nikaogopa. Mdakaji na mwamuzi huongea mchezo mzima, lakini hawatazamani. Mdakaji haruhusiwi kugeuka, maana akigeuka watu watafikiri anabisha, na mwamuzi atalazimika kukasirika. Basi huongea wote wakimtazama mrushaji, kama watu wawili ndani ya gari. Sasa fikirini: mwamuzi na mdakaji wa timu moja wanaongea, wanacheka, kwa lugha ambayo timu nyingine haijui. Baada ya mchezo ule wa kwanza nilimwita pembeni.

"Désiré, ndani ya uwanja tutaongea Kiingereza tu."

"Mzee Gervas! Hata kama mpira imenipiga?"

"Hata hapo."

"Bon. Na nikitaka kulia?"

"Utalia kwa Kiingereza."

Akacheka, akashika ahadi. Misimu yote iliyofuata tuliulizana habari za watoto, za shifti na za mvua kwa Kiingereza chetu cha Sydney, mgongo wake mbele yangu, na mara tukivuka mstari wa chokaa tunarudi kwenye Kiswahili chetu. Mama Neema alisema hajawahi kusikia urafiki wenye mpaka kama wa nchi.

Na alikuwa mdakaji. Mpira uliodunda vumbini mbele yake aliushukia kwa kifua, ukafa pale pale. Mkimbiaji akijaribu kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia mpira ukiwa haujapigwa, Désiré alikuwa ameshasimama na mpira umeshaondoka mkononi. Warushaji wake walikuwa watu wa kawaida, mwalimu mmoja, fundi umeme mmoja, wenye mikono ya kawaida; yeye aliwatuliza, aliwachagulia mpira wa kurusha, aliwafanya waonekane wanajua wanakokwenda. Timu ikaendelea kushindwa. Ilishindwa kwa heshima, kwa tofauti ndogo, lakini ilishindwa, na kila mwisho wa msimu ilikuwa pale pale chini.

Ligi yetu ina desturi, nanyi mmeirithi. Mchezaji mwenye thamani kuliko wote hachaguliwi na makocha wala viongozi. Jumamosi ya mwisho kabla ya fainali, waamuzi huketi kwenye meza ya mbao karibu na jiko la soseji, mbele ya watu wote, wakainua mikono. Anayechaguliwa huingia moja kwa moja kwenye kikosi cha ligi kinachosafiri wakati wa Pasaka. Mwaka ninaousimulia safari ilikuwa ya Brisbane, na Brisbane ndiko anakoishi kaka yake Désiré, aliyemlea kambini, ambaye hakuwahi kumwona akicheza. Kaka huyo alikuwa mgonjwa wa figo, hasafiri. Désiré alinieleza hayo mara moja tu, tukiwa nje ya mstari, na hakuyarudia. Yeye mwenyewe magoti yalikuwa yameanza kulia. Ilikuwa mwaka ule au basi.

Mwaka ule ule makocha wakaleta pendekezo: mchezaji mwenye thamani atoke katika timu zilizoingia fainali peke yake. Walikuwa na hoja, na sitawadharau. Barry aliwaunga mkono, na yeye hakuwa mtu wa kudharaulika.

Tulibishana wiki nyingi, tukichora mistari.

"Timu ya mwisho mwondolee mtu wake bora," Barry alisema. "Itakuwa ya ngapi?"

"Ya mwisho."

"Basi thamani yake iko wapi? Tom akiondoka, timu yake haichukui kombe. Hiyo ndiyo thamani. Inaonekana kwa macho."

Tom alikuwa mrushaji wa timu iliyoongoza, kijana mrefu, seremala, mwenye mkono wa ajabu, na pia mtu mwema, jambo lililotunyima hata raha ya kumchukia.

"Tom akiondoka, timu yake itakuwa ya pili," nikasema. "Inashuka hatua moja tu."

"Hatua hiyo ndiyo kombe, Gervas. Vuta kamba."

Makocha wenyewe hawakuwa wapole hivyo. Mmoja wao alinikuta navaa kinga za miguu, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Ninyi waamuzi mnampenda kwa sababu anawakingia miguu. Kama mnataka kumshukuru, mnunulieni bia." Watu wakacheka. Akaongeza, "Na wewe zaidi, maana mnatoka sehemu moja." Tanzania na Burundi kwake zilikuwa sehemu moja. Lakini kuhusu miguu hakukosea. Mwili una kura yake. Ukisimama nyuma ya mtu anayepokea mapigo yako, utampenda utake usitake. Nilikwenda nalo nyumbani, nikalitafakari kama ninavyotafakari sheria, nikaamua: sitainua mkono mwaka ule. Nilikuwa na sababu mbili za kumpenda Désiré, lugha na miguu, na mwamuzi mwenye sababu mbili za kumpenda mtu anatosha kukaa pembeni.

Nilimweleza Désiré kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akalikaza fundo.

"Ni sawa, Mzee. Mimi pia nisingekuamini," akasema, akaenda zake.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Timu ya mkiani ilicheza na timu ya Tom. Mimi nyuma ya kibao, Barry kwenye besi, kwa sababu magoti yake yalikuwa yameshamkataza kuinama tangu kabla Désiré hajafika ligini. Saa ya kuanza ikakaribia, Désiré hayupo. Kisha kocha wake akaja na simu mkononi: mfanyakazi mwenzake ameugua, wazee hawana mtu wa kuwalisha wala kuwanyanyua vitandani, Désiré hatoki kazini.

Walimvisha kinga zake fundi vigae mmoja mnene anayecheza besi ya kwanza. Alijitahidi, Mungu ambariki. Mpira wa kwanza ulimpita chini ya kwapa ukanipiga paja. Wa tatu ulinipata kwenye mfupa wa mguu. Kila mara aligeuka kuniomba radhi, jambo ambalo mdakaji hafanyi, na kila akigeuka wakimbiaji walisogea besi moja mbele. Baada ya muda hawakukimbia tena, walitembea. Mrushaji wao, yule mwalimu, alianza kuogopa kurusha chini, akarusha juu, na timu ya Tom ikamchapa kila alichorusha. Barry alisimama karibu na besi ya pili na mikono nyuma, watu wakimpita kama abiria wanaoshuka treni. Sheria yetu ya huruma inasimamisha mchezo tofauti ikiwa kubwa mno. Niliusimamisha mapema kuliko mchezo wowote niliowahi kusimamia, na hakuna aliyepiga makofi.

Mkutano ulifanyika pale pale, mbele ya jiko la soseji. Mwenyekiti wetu, Denise, mwanamke asiyependa hotuba, alisoma pendekezo la makocha, akauliza nani ana neno. Nilitegemea Barry. Akanyanyuka Tom, gongo bado mkononi.

"Mimi ndiye nitakayefaidika na sheria hii," akasema, "kwa hiyo naipinga. Leo tumeshinda, na hata mama yangu amekaa anasoma simu. Tulipocheza nao mwezi uliopita, yule jamaa akiwepo, tulishinda kwa mkimbio mmoja, nikalala nimechoka kama nimebeba nyumba. Ule ndio ushindi ninaoukumbuka. Hiki cha leo sijui nikiite nini." Akakaa.

"Una uhakika, mwanangu?" kocha wake akamuuliza.

"Wewe leo ulicheza mchezo gani, Kocha?"

Watu wakacheka, lakini si sana. Denise akaita mikono. Barry aliinua mkono kuunga mkono pendekezo, juu kabisa, kama alivyosema siku zote kwamba angefanya. Pendekezo likashindwa hata hivyo.

Kisha waamuzi tukaketi mezani, watu wametuzunguka na mikate yao. Nilisema kwamba mimi naongoza lakini sichagui, nikataja sababu zangu zote mbili. Yule kocha aliyenitania akatazama viatu vyake. Majina yakatolewa, yakabaki mawili. Nikaita mikono ya Tom, nikaita mikono ya Désiré. Ikalingana. Barry hakuwa ameinua popote. Alikuwa bado anatafuna.

"Barry," nikasema, "tunakungoja."

Akameza. Akajifuta midomo kwa utaratibu wa mtu anayejua kwamba hakuna atakayemharakisha.

"Mimi nilitaka sheria nyingine," akasema. "Imeshindwa. Nikisimama hapa naitumia iliyopo, na iliyopo inauliza nani ana thamani kuliko wote katika ligi, haiulizi timu yake ni ya ngapi. Nimesimama nyuma ya yule Mrundi? Sijawahi. Hajanikingia hata ukucha. Leo nimesimama besi ya pili na mpira haukunigusa. Nimewaona tu watu wanapita." Akainua mkono. "Désiré."

Kisha akaniegemea sikioni. "Na bado nasema thamani ni ushindi. Mkutano ujao nitalileta tena."

Amelileta kila mwaka. Linashindwa kila mwaka.

Nilikwenda Granville jioni ile kabla ya kuoga, vumbi na yote, kwa kuwa habari ya namna hii haifai kupelekwa kwa simu. Désiré alitoka mlangoni na sare yake ya buluu, kijiko mkononi, kwa sababu ulikuwa wakati wa chakula cha wazee.

"Nani alidaka?" Hilo ndilo la kwanza aliloniuliza.

Nikapandisha suruali nikamwonyesha mguu. Akashika kichwa. "Yesu! Pole, Mzee. Pole sana. Sasa si utanipa kura, hata kama ni kwa huruma?"

"Sikuinua mkono. Nilikwambia."

"Najua. Ninakutania."

"Ameinua Barry. Utakwenda Brisbane."

"Barry gani? Yule ambaye hajawahi kusimama nyuma yangu?"

"Huyo huyo."

Akakaa kwenye ngazi ya mlango, kijiko bado mkononi. Bibi mmoja ndani akaanza kuita, anataka pudini yake. Akasimama, akajifuta macho kwa kiwiko, akaingia kumlisha.

Pasaka ile alicheza Brisbane. Kaka yake alikaa kwenye kiti karibu na wavu, blanketi magotini, na Désiré anasema alimpigia kelele kwa Kirundi mchezo mzima kana kwamba anaujua. Walishindwa michezo mingi kuliko waliyoshinda.

Nimebakiza mchezo wangu wa mwisho. Niliupanga mwenyewe, kwa kuwa ratiba ilikuwa mikononi mwangu, na niliupanga kama nilivyopanga mingine yote, kwa zamu. Zamu ikaniangukia kwenye timu ya mkiani. Désiré alikuwa nayo bado, mzito kidogo kuinuka, mwepesi vilevile kushuka. Tuliongea Kiingereza mchezo mzima, tukimtazama mrushaji. Mpira wa mwisho ulidunda vumbini kushoto. Nikamwona anaufuata, nikausikia unakufa kifuani mwake, na miguu yangu haikuguswa. Mpigaji alikuwa amepiga hewa kwa mara ya tatu, na Désiré akamgusa kwa mpira kabla hajakimbia. Nikainua ngumi: nje, muda wetu wa uwanja umekwisha na mchezo nao, wameshindwa tena kwa tofauti ndogo.

Désiré hakugeuka. Alibaki amepiga magoti, akimtazama mrushaji, mpira mkononi.

"Asante kwa kazi, Mzee," akasema kwa Kiswahili.

Sikumjibu. Tulikuwa bado ndani ya mstari. Nikatoa brashi, nikawapa wachezaji mgongo, nikakipangusa kibao kwa ajili ya mwamuzi wa mchezo unaofuata. Tulipovuka chokaa nikamjibu.